Watu wa Sala wa Rabai

Mwaka 1844, mwezi wa Januari, alishuka Unguja kutoka chomboni mtu mmoja wa Ujerumani, jina lake Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, akifuatana na mkewe Rosine. Na ye yote aliyewaona siku zile angaliweza kudhani kwamba ni mume na mke wanaoanza maisha, wala asingetambua ya kuwa walikuwa wamekwisha kuonja uchungu ambao wengine huupata mwisho wa umri. Krapf alikuwa amekaa Uhabeshi tangu mwaka 1837, kwanza Tigre, kisha Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, hata milango ya nchi ile ikafungwa mbele yake mmoja baada ya mmoja. Na katika kujaribu kurudi huko, mkewe akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, nyikani, katika nchi ya Washoho, wakambatiza jina la Eneba, yaani Chozi, na muda si muda akafariki, wakamzika pale pale, wakaendelea na safari. Basi waliingia katika pwani yetu na kaburi moja nyuma yao.

Seyyid Said bin Sultan aliwapokea kwa heshima. Alimwandikia Krapf waraka kwa maliwali wake wa mrima, akiwaamuru wamtendee wema mtu huyu kwa kuwa shabaha yake ni kuwaelekeza watu kwa Mwenyezi Mungu, na kwa nguvu ya waraka huo Krapf akafanya maskani Mombasa katika mwezi wa Mei. Lipo jambo jingine la siku hizo ambalo halina budi kukumbukwa na kila Mkristo asomaye Maandiko kwa Kiswahili: ilipofika mwezi wa Juni, Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika kazi ile ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, mwanachuoni wa Kiislamu, ambaye hakumwonea choyo elimu ya lugha mgeni wa dini nyingine. Wema huo ulikuwa sehemu ya msingi wa yote yaliyofuata, nami huona ni dhuluma kuisimulia historia ya misioni ya pwani bila kuutaja.

Kisha ukaja mwezi wa Julai. Homa, ambayo wakati ule hapana aliyejua kwamba huletwa na mbu, ilimlaza Krapf kitandani. Na tarehe 6 Rosine akajifungua mtoto wa pili, naye wa kike. Na siku chache hazijapita homa ile ile ikamshika mzazi. Mume alikuwa katika kitanda kimoja, mke katika kingine, wala hapana mmoja aliyeweza kumwinukia mwenziwe. Hata Rosine alipojua ya kuwa mauti yake yamekaribia, akaomba dua kwa sauti mbele ya waliokuwapo: akawaombea jamaa zake wa Ulaya, akaiombea nchi hii ya Afrika ya Mashariki, akamwombea na Seyyid Said mwenyewe, kwamba Mungu auelekeze moyo wake katika mambo yatakayowafaa raia zake milele. Akausia jambo moja zaidi, ya kwamba asizikwe mjini bali azikwe ng'ambo, barani, kwenye njia wanayopita watu wa Wanyika, maana ndivyo walivyoitwa Wamijikenda zamani hizo, ili kaburi lake liwe ukumbusho wa habari iliyowaleta. Tarehe 13 akafariki. Krapf alikuwa mgonjwa hata ilibidi aungwe mkono na watu ili amtazame na kuyakinisha kwamba amekwisha kufa. Wakamvusha, wakamzika upande wa Nyali, na siku chache baadaye wakamzika na mtoto.

Katika hali hiyo ndipo Krapf alipoandika kwa wakubwa wake wa Church Missionary Society huko London akawaambia, kwa maana, kwamba sasa yupo mtu wao aliyezikwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba kaburi hilo wasilihesabu kuwa alama ya kushindwa, bali liwe ishara ya kwamba vita vimeanza na saa ya kuliendea bara imewadia. Wako wasomaji waionao barua ile kuwa ni ngumu, kana kwamba mtu yule hakuwa na moyo wa nyama. Mimi siioni hivyo. Mtu asiyekuwa na moyo hampi mtoto wake jina la Chozi. Naona kwamba Krapf alifika mahali ambapo mwanadamu hana kitu mkononi, hana mke, hana mtoto, hana afya, hana mwenzi wa kusema naye lugha ya mama yake, na kazi yake yote ni kurasa chache za kitabu cha Mwanzo. Na mahali hapo mtu hufanya moja katika mawili, ama huondoka, ama hujitupa kwa Mungu kwa uzito wake wote. Yeye alijitupa.

Yafaa kueleza mtu kama huyu alijifunza wapi kusali. Katika nchi ya Württemberg, alikotoka yeye na mwenziwe Rebmann nitakayemtaja sasa hivi, kulikuwa na Wakristo ambao tangu vizazi kadha wa kadha walizoea kukutana majumbani, wakulima na mafundi pamoja, wakasoma Maandiko na kuomba kwa maneno yao wenyewe, mbali na ibada ya kanisani siku ya Jumapili. Na mwaka 1819 baadhi yao walikuwa wamejenga mji wao, Korntal, karibu na Stuttgart, ili waishi kwa kawaida hiyo. Kwa watu wale sala haikuwa dawa ya kutafutwa siku ya ugonjwa. Ilikuwa kazi ya kila siku, asubuhi na jioni, wakati wa mavuno mema na wakati wa njaa, hata mtu akikua alikuwa amekwisha kuzungumza na Mungu mara nyingi mno kabla ya kupatwa na msiba wake wa kwanza mkubwa. Mambo ya Mombasa na Rabai hayaelezeki bila mazoea hayo ya utotoni.

Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen, kijana wa miaka 26, aliwasili Mombasa tarehe 10 Juni 1846, na homa haikukawia kumkaribisha. Wawili hao walikwisha kukubaliana na wazee wa Rabai kwamba watajenga huko, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, penye minazi na upepo mwema, karibu na kaya. Na siku iliyowekwa, tarehe 25 Agosti, ilipowadia, ikawakuta wote wawili hawajiwezi. Wangaliweza kungoja. Wakaazimu kwenda. Punda alikuwa mmoja, basi wakampanda kwa zamu, huyu akipanda yule akijikokota kwa miguu, wakipumzika mara kwa mara, hata wakafika juu kilimani wakiwa kama watu watokao kaburini. Na Krapf mwenyewe baadaye alisema kwa namna yake kwamba huenda hapana misioni iliyoanzishwa na watu dhaifu kama walivyokuwa wao siku ile. Aliposali sala yake ya kwanza mahali pale hakuwa na kitu cha kujivunia mbele ya Mungu, na nadhani hiyo ndiyo sababu sala ile ilikuwa ya kweli.

Ibada ya kwanza waliyofanya na wenyeji walihudhuria watu kama kumi na watano. Ilipokwisha, mzee mmoja aliuliza watapewa nini, maana Mnyika haendi penye maneno pasipo kula na kunywa. Mzee yule alisema haki kwa desturi ya kwao, kwa sababu baraza la wazee halikai bila tembo na chakula, na mtu anayewaita wenziwe kusikiliza shauri lake huwakirimu. Ila kwa wale wageni wawili swali lile lilikuwa kipimo cha urefu wa safari iliyokuwa mbele yao. Warabai walikuwa na dini yao, na sala zao, na kaya yao waliyoiheshimu, wala hawakuwa wakingoja kuambiwa kwamba yuko Mungu.

Krapf alikuwa mtu wa safari. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, na mwaka 1851 akarudi huko tena, akaandamana na mtemi Kivoi wa Kitui kuelekea mto Tana. Katika mwezi wa Agosti wakashambuliwa na wanyang'anyi karibu na mto. Kivoi akauawa, na watu wakatawanyika, naye Krapf akajikuta peke yake porini, akijificha mchana na kutembea usiku. Kiu ilimkamata kwanza kabla ya njaa. Alipoufikia mto alikunywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Lakini vichaka vikayang'oa majani yale usiku na maji yakamwagika. Kulipopambazuka akasikia kelele za nyani. Akazifuata, akawakuta katika kijito kikavu walikofukua mchanga, na ndani ya shimo mlikuwa na maji, akamshukuru Mungu aliyewatuma, akamimina baruti yake katika kitambaa ili pembe ya baruti iwe chombo cha maji, na alipozidiwa na njaa akala machipukizi ya miti pamoja na baruti ile ile. Alipowafikia jamaa za Kivoi, wao walitaka kumwua kwa kuwa hakufa pamoja na rafiki yake, basi akatoroka tena usiku. Aliporudi Rabai watu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba amekufa. Habari hizi zinajulikana na wengi, nami nisingezirudia isipokuwa kwa jambo moja: katika kuzisimulia Krapf hajisifu hata kidogo kwa ushupavu, bali kila anaposalimika hulitaja jina la Mungu mara moja, kama mtu anayeandika deni katika daftari ili asije akasahau anadaiwa na nani.

Hata hivyo, aliye karibu zaidi na moyo wangu katika historia hii ni Rebmann, maana jaribu la Krapf lilikuwa la siku na la wiki, lakini la Rebmann lilikuwa la miaka 29. Krapf aliondoka Mombasa mwaka 1853 kwa maradhi, na ingawa alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waanze kazi yao Ribe, hakukaa tena. Rebmann alibaki, wala hakuiona tena nchi yake katika miaka yote hiyo hata mara moja, ila alikwenda Misri mwaka 1851 kuoa.

Yeye ndiye aliyeuona Kilimanjaro na theluji juu yake, tarehe 11 Mei 1848, akisafiri na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, bila silaha ila mwavuli; na alipomwuliza mmoja wa watu wake weupe ule ni kitu gani, akajibiwa kwamba ni baridi. Siku ile, kwa maelezo yake, aliketi akasoma Zaburi kabla ya kuendelea na safari. Habari yake ilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara hili, alikataa kata kata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, akamfanya Rebmann kuwa mtu aliyedanganywa na macho yake. Na shutuma hiyo ikadumu miaka, mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima ule sehemu yake mwaka 1861 na 1862, akathibitisha. Kwa muda wote huo Rebmann alikuwa Rabai, barua zikichukua miezi, hana njia ya kujitetea ila kungoja.

Safari yake ya tatu ya Uchagga, mwaka 1849, ilikuwa chungu zaidi. Alichukua mali nyingi kwa nia ya kupita mpaka Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame akazidai zawadi, leo hiki, kesho kile, hata mizigo ikaisha na safari ikafa pale pale. Rebmann akalia mbele ya watu. Alipoulizwa analilia nini, akajibu kwamba halilii vitambaa, bali analia kwa kuwa mali ile ilitolewa na rafiki zake wa mbali ili habari njema iwafikie watu, na sasa haitafika. Akarudi pwani katika masika, mwenye njaa, na nguo zimeloa mwilini, naye hakupata kwenda tena Uchagga.

Hapa ndipo penye maana ya historia hii kwa kadiri niionavyo mimi. Sala ya Rebmann haikumwondolea taabu moja. Mtoto aliyempata kwa mkewe Emma alikufa angali mchanga. Mwaka 1857 Wamasai waliishambulia nchi ya Rabai, ikambidi aiache nyumba yake ya Kisuludini na kwenda Unguja. Alipopata nafasi akarudi, akaanza tena. Mwaka 1866 Emma mwenyewe akafariki, baada ya kukaa naye miaka 15, akazikwa Rabai. Wapita njia mashuhuri walimtembelea, Burton na Speke mwaka 1857 miongoni mwao, na Burton hakuona katika kazi yake ila udhaifu. Na hata wenziwe wa misioni walikuwa wakiuliza kwa nini mtu yule akae kilimani miaka nenda miaka rudi na waumini wahesabikao kwa vidole. Tena macho yake yakaanza kufifia, kidogo kidogo, mpaka akawa kipofu. Mtu aliyeomba apewe taifa zima akapewa watu wachache, na mtu aliyeiona theluji ambayo wazungu hawakusadiki kwamba ipo, akanyang'anywa kuona. Naye hakuondoka. Wala sidhani kwamba ni ukaidi tu uliomzuia, ingawa watu wa Württemberg wana sifa ya ukaidi. Ukaidi hudumu mwaka mmoja, labda mitano, lakini haumfundishi mtu kuamka kila alfajiri na kufanya kazi asiyoitumaini kuiona ikiisha.

Na kazi ile aliifanya. Palikuwa Rabai na mtu mmoja mtumwa, Salimini, aliyeletwa kutoka nchi ya ziwa Nyasa; Rebmann akaketi naye siku kwa siku akiandika maneno ya lugha ya kwao, akatunga kamusi nzima ya lugha ya nchi ambayo hakuiona wala hakutazamia kuiona, kwa ajili ya watu watakaotumwa huko siku isiyojulikana. Kamusi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1877, mwenyewe amekwisha kufa. Kadhalika aliandika kamusi ya Kinyika, akafasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Ye yote aliyepata kutunga kamusi anajua ya kwamba ni kazi isiyo na sherehe, neno hili leo, lile kesho, kuuliza, kufuta, kuuliza tena; na kwa Rebmann ilikuwa namna ya pili ya kusali.

Na wale waumini wachache? Wa kwanza alikuwa Mringe, kilema, maskini, ambaye hata katika jamii yake hakuhesabiwa kuwa mtu wa maana. Hakuweza kusafiri, hakuweza kupigana, hakuweza kuwa mzee wa kaya; ila alisikiliza, akauliza, akaamini, na alipokuwa karibu kufa akabatizwa. Wageni walikuja na ramani za bara zima, wakipanga vituo toka Mombasa hata bahari ya magharibi, na mtu wa kwanza waliyepewa hakuweza kutembea. Abe Gunja alifuata baadaye sana, mtu mzima mwenye jamaa zake. Watu hawa ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wageni, kwa maana Mzungu akichoka aweza kupanda chombo, bali Mrabai anayeacha tambiko la wazee wake hubaki papo hapo, akiishi na wale wale anaowatia shaka, mvua ikikawia akitazamwa yeye, mtoto akiugua akiulizwa yeye.

Mwaka 1864 walikuja kuongeza nguvu Waafrika waliolelewa India, watu walionyakuliwa utotoni na wauza watumwa, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay. Miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1873 Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka 1875 William Salter Price akaanzisha mji wa Frere Town, Kisauni, kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Basi kazi ilikuwa imeanza kupanuka wakati Rebmann alipokuwa hawezi tena kuiona kwa macho. Mwaka huo huo wa 1875 akakubali mwishowe kurudi kwao, akishikwa mkono njiani na Isaac Nyondo wa Rabai, kijana Mkristo ambaye alikwenda naye mpaka Ujerumani. Wakamkuta Krapf, mzee sasa, anaishi Korntal. Hapo Rebmann akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akaishi miaka mitano zaidi, akapigisha chapa yale waliyoyakusanya wawili. Na asubuhi moja ya mwezi wa Novemba 1881, watu wa nyumbani walipomngoja asitoke, wakaingia chumbani mwake wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa katika sala yake ya usiku.

Lakini historia ya sala ya Rabai haikuishia Korntal, na ni kosa la vitabu vingi kuifunga hapo, kana kwamba imani ya Rabai ilikuwa mali ya Wajerumani wawili. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa Jones ushemasi, na mwezi wa Julai wakatoka Rabai pamoja kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Walipofika Kwa Sundu, nchi ya Wawanga, askofu akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na watu wake karibu wote pamoja naye; wachache tu walioponyoka ndio walioleta habari. Jones aliposikia hakukimbia. Alingoja, akitumaini kwamba habari ni ya uongo, hata alipoyakinisha akawakusanya waliobaki, akawaongoza kurudi mwendo wote ule wa pori, njaa na maradhi. Mwanzoni mwa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara unapanda kilima, wamechoka, wengine wanachechemea, na mbele yao bendera ya buluu iliyoshonwa juu yake kwa herufi nyeupe neno moja, Ikabodi, jina alilopewa mtoto wa Finehasi katika Kitabu cha Samweli siku ile sanduku la Mungu lilipotekwa, kwa maana utukufu umeondoka. Wake wa wapagazi wakatoka mbio kuwatafuta waume zao katika safu ile, na wengi hawakuwaona.

Mtu aliyeshona neno lile juu ya kitambaa hakuwa mtu aliyeificha huzuni yake kwa maneno ya dini. Alisema kwa herufi wazi kwamba utukufu umeondoka. Nayo ni sala pia, kwa kuwa Zaburi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, na aliyeruhusiwa kumlilia Mungu kwa sauti bado yuko nyumbani mwa Mungu. Jones akaendelea na kazi yake Rabai. Mwaka uliofuata likamalizika kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa pale kilimani.

Jaribu la mwisho nitakalolitaja lilikuwa limekwisha kuanza zamani. Tangu yapata mwaka 1880 watoro walikuwa wakikimbilia Rabai, watumwa waliowaponyoka mabwana zao katika mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi. Na misioni, iliyokaa chini ya himaya ya Seyyid na sheria zake, haikuwa na haki ya kuwapokea. Mwaka 1880 Frere Town ilikaribia kushambuliwa kwa sababu yao, na huko Fuladoyo, kijiji cha waumini katika nchi ya Wagiriama kilichowahifadhi watoro, kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883. Wakubwa wa misioni walitoa amri za kuwakataza watoro. Lakini waliokaa nao Rabai, Jones wa kwanza, yeye aliyekuwa mtumwa utotoni, waliona vigumu kumfukuza mtu aliyekwisha kujenga kibanda, kulima konde, na kuketi kanisani pamoja nao. Katika mwaka 1888 wenye watumwa wakaja kudai watu wao, na ilionekana kwamba damu itamwagika. Ndipo George Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alipofanya shauri na mabwana wale, akakubali kulipa riali 25 kwa kila kichwa, jumla yake yapata pauni 3,500, zilizotolewa na kampuni, na serikali ya Uingereza, na misioni pamoja na rafiki zake.

Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Walioitwa majina yao siku ile ni wake kwa waume zaidi ya 1,400, katika kilima kile ambapo Rebmann kwa miaka mingi hakuwa na mkutano wa kujaza chumba kimoja. Na baadhi yao walikuwa wamekwisha kujifunza na kubatizwa katika miaka ile ambayo wangaliweza kukamatwa usiku wo wote na kurudishwa shambani, kabla mtu ye yote hajawaahidi fidia.